Waliobaki Mlimani

Asilimia themanini na nne. Tarakimu zilikuwa zimewashwa kwa kijani kwenye ukuta wa ofisi ya Daktari Rweyongeza, kubwa kumpita mtu, na Nakijwa Mshana aliziangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyefika na zawadi kabla hajasema shida yake.

"Nzuri mno," alisema.

"Tunashukuru, Mheshimiwa Msaili."

"Sijasifu bado, Daktari."

Jamani, kazi ya Nakijwa haikuwa ya kupendwa na watu. Miaka kumi nyuma wananchi walichachamaa kwamba mashine inapima chanjo, mashine inaidhinisha chanjo, na binadamu kazi yake ni kutoa mkono achomwe. Ndipo ikatungwa sheria kuwa hakuna chanjo itakayotoka bila sahihi ya mtu mmoja, mtu wa nyama na damu, aliyeajiriwa kutia shaka tu. Wakamwita Msaili. Walikuwepo wanne nchi nzima, na watatu kati yao walishazoea kusoma ukurasa wa kwanza, kutia sahihi ukurasa wa mwisho, kisha huyoo, wanakwenda kula. Nakijwa hakuwa hivyo. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kunusa maziwa kabla ya kuyanywa, hata kama yamekamuliwa mbele ya macho yake.

"Mizani," aliita, "nipe hesabu."

Sauti ya Mizani, ile mashine ya kupima chanjo, ilishuka kutoka darini, ya upole, isiyo na haraka wala uchovu. "Watu mia nane wa kijiji cha Kirore. Mia nne walichomwa chanjo ya homa ya usubi, mia nne maji ya chumvi. Mchomaji hakujua anachoma nini, na mchomwaji hakujua amechomwa nini. Waliougua kundi la chanjo, kumi na wawili. Waliougua kundi la maji ya chumvi, sabini na sita."

"Na madhara?"

"Hakuna."

"Hata mkono kuuma?"

"Mashahidi hawakuripoti."

Shahidi ni kale kadude kadogo kama punje ya mchele, kanakopachikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio. Kanasoma joto la mwili, mapigo ya moyo na hali ya damu, saa ishirini na nne, na kuipelekea Mizani kila kitu. Mahali alipo mtu hakasomi, maana sheria imekataza watu kufuatwafuatwa. Tangu mashahidi waje, hakuna daktari aliyefunga safari tena kwenda kumuuliza mtu anajisikiaje.

"Wenyewe mliwauliza?" Nakijwa alisema.

Daktari Rweyongeza alitabasamu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza. "Mheshimiwa, watu husahau. Watu hutia chumvi. Shahidi hana tabia hizo."

"Shahidi anayajua maumivu?"

"Anaijua homa."

"Nimeuliza maumivu, Daktari."

Daktari alimkumbusha kalenda. Jumamosi watu wa Kirore wangeshuka bondeni kuzibua mifereji, kama kila mwaka, na usubi huzuka tope likichimbuliwa. Wote walikuwa wamekwisha kuchomwa chanjo halisi majuma mawili nyuma, haki ya walioshiriki jaribio. Palikuwa na vyandarua vya uso elfu moja katika stoo ya kijiji, lakini vinaleta joto, vinachelewesha kazi. Sahihi ikitoka Ijumaa saa sita mchana, vyandarua vitapelekwa mkoa mwingine, na chanjo itakwenda vijiji arobaini vya bondeni.

"Kwa hiyo watashuka nyuso wazi," Nakijwa alisema.

"Kwa asilimia themanini na nne, kwa nini wasishuke?"

Miongoni mwa hao wa kushuka alikuwemo Niwaeli, dada yake Nakijwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Daktari hakulitaja hilo, na Nakijwa naye hakulitaja. Alichukua kibao chake cha kazi, kilichounganishwa na Mizani, akaaga, akapanda milimani.

*

Niwaeli alikuwa jikoni akikata tangawizi ya kuanika. Alimkumbatia mdogo wake bila kuweka kisu chini, kama kawaida yake, akamsukumia kigoda kwa mguu.

"Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, ule kwanza. Najua umekuja kutupekua."

Nakijwa alikula. Alipomaliza makande aliuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, sindano ya mwaka jana ilikuwaje.

"Wee! Usinikumbushe. Mkono uliniuma siku nane, huu hapa." Niwaeli aliugusa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. "Hata sufuria siinui. Na si mimi peke yangu, muulize yeyote. Kijiji kizima kilikuwa kinashika mikono."

Moyo wa Nakijwa ulipiga kwa furaha, furaha mbaya ya mtu wa shaka aliyeona shaka yake ina miguu. Taarifa ilisema hakuna hata mkono mmoja uliouma. Hapa palikuwa na kijiji kizima.

"Na kule mferejini, kwenye msaragambo, ulikwendaje na mkono huo?"

"Nitakwendaje? Nilibaki huku juu, nikapika." Niwaeli alirudi kwenye tangawizi yake, akakata vipande vitatu vinne. "Kipande changu cha mfereji alikichukua Yonazi."

Yonazi alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alishikwa na homa ya usubi siku tano baada ya kazi kwisha, na siku ya kumi na tatu wakamzika. Mkewe, Nambike, alikuwa bado anakaa nyumba ile ile, na kutoka jikoni kwa Niwaeli ulisikia akikohoa.

*

Ukitaka kuwajua Wapare wa Kirore, usianzie kanisani wala msikitini, anzia kwenye msaragambo. Pembe ikilia, kila mwenye miguu anatoka. Wanagawana mfereji vipande vipande kuanzia kwenye ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji, mpaka mashambani, na kila nyumba ina kipande chake. Anayesamehewa ni mmoja tu, mwenye maumivu. Huyo hubaki mlimani kuwapikia wenzake, na jirani wa karibu hukichukua kipande chake. Hapimwi, haulizwi mara mbili. Kumdai mwenzio ushahidi wa maumivu yake ni matusi, na watu wamewahi kununiana miaka kwa ajili hiyo.

Daftari la msaragambo lilikuwa kwa Mbonea, mpiga pembe, mtu wa mabega mapana na mdomo mpana zaidi.

"Karibu, binti Mshana. Umeleta mashine ituhesabu tena? Mimi nimeshahesabiwa mpaka nywele."

"Leo nataka kuhesabu wewe ulivyohesabu."

Mbonea alicheka, akafungua daftari la mwaka uliopita. Majina mia nane. Mbele ya jina, alama ya vema kwa aliyeshuka, herufi M kwa mwenye maumivu aliyebaki.

"Ona balaa hili," alisema, akipitisha kidole. "Sindano ya pili mlituchoma Alhamisi. Jumamosi napiga pembe, wananijia wameshika mikono. Huyu mkono, yule mkono! Watu mia tatu na thelathini, binti Mshana. Niliwaambia wamepika chakula cha kulisha jeshi, na wachimbaji hawapo."

"Wote walibaki juu kweli? Hakuna aliyeshuka hata jioni?"

Uso wa Mbonea ulibadilika. "Mtu akishasema ana maumivu, akionekana bondeni, ametudanganya wote. Hakuna anayethubutu. Sasa mbona unauliza swali la namna hiyo?"

Nakijwa aliomba radhi. Alikaa kizingitini kwa Mbonea, akaweka daftari kwenye goti moja na kibao kwenye goti la pili. Orodha ya nani alichomwa nini ilikuwa imefungwa kwa muhuri, na katika sheria yote ni Msaili peke yake aliyeruhusiwa kuufungua. Aliweka kidole gumba, ikafunguka.

"Mizani. Linganisha daftari hili na orodha yako."

"Daftari hilo halimo katika taarifa zangu."

"Ndiyo maana nakupa."

Ilichukua muda wa mtu kumeza mate. "Kundi la chanjo, waliobaki mlimani mia tatu na kumi, walioshuka tisini. Wagonjwa wote kumi na wawili wametoka kwa walioshuka. Kundi la maji ya chumvi, waliobaki ishirini, walioshuka mia tatu na themanini. Wagonjwa wote sabini na sita wametoka kwa walioshuka."

Chanjo halisi iliuma mkono. Maji ya chumvi hayakuuma. Wenye mikono mibovu walibaki juu, mahali ambapo usubi haupandi, na wazima wakashuka kuumwa. Si chanjo iliyowalinda wale mia tatu na kumi, ulikuwa ni mlima.

"Sasa acha waliobaki. Hesabu walioshuka peke yao."

"Waliochanjwa, kumi na wawili kati ya tisini. Wasiochanjwa, sabini na sita kati ya mia tatu na themanini. Ubora wa chanjo, takriban asilimia thelathini na tatu."

Theluthi moja. Chanjo ilifanya kazi, lakini kazi ya theluthi moja, na keshokutwa watu wangeingia kwenye tope nyuso wazi wakiamini wamefunikwa karibu wote.

Kilichobaki kilimwasha kichwani. Wale ishirini. Maji ya chumvi hayaumi siku nane. Yanachoma kidogo, ukifika nyumbani umesahau. Alifungua majina. La saba lilikuwa Niwaeli Mshana.

Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka akafunika kibao kwa kiganja ingawa Mbonea hakuwa na habari naye. Dada yake hakuwahi kuumwa mkono. Alidanganya, akapika makande, na Yonazi akashuka mara mbili, kwa kipande chake na kwa kipande cha Niwaeli.

*

Daktari Rweyongeza alisikiliza yote kupitia kibao bila kumkatiza. Nakijwa alipomaliza, Daktari alishusha pumzi.

"Daftari la karatasi, Mheshimiwa. Mizani haiwezi kubadilisha matokeo kwa herufi M. Sheria unaijua, inahitaji mashahidi hai kumi. Watu kumi wa kundi la maji ya chumvi, wasimame waseme kwa midomo yao kwamba hawakushuka."

"Wakisema hivyo, kijiji kizima kitajua mikono yao haikuuma."

"Sasa umenielewa. Mmojawapo ni dada yako. Ukitia sahihi, orodha inafungwa na haifunguliwi tena."

Nakijwa aliuliza taratibu, "Daktari, orodha imefunguliwa leo, kwa kidole changu. Jina la dada yangu umelipata wapi?"

Daktari aliinamia karatasi zake.

"Ulijua," Nakijwa alisema. "Uliliona daftari kabla yangu, na muhuri wa orodha ukauvunja."

"Niliambiwa juu ya msaragambo mwezi uliopita," Daktari alisema, na ile sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwisha. "Nikahesabu kama ulivyohesabu. Sasa nikuulize. Nani atapanga foleni kwa chanjo ya theluthi moja? Nikitangaza themanini na nne, watakuja vijiji arobaini. Theluthi moja ya watu hao ni maelfu watakaopona. Nikitangaza ukweli, hawaji. Wewe utawazika kwa ukweli wako?"

Nakijwa alimchukia mtu yule, bwana, lakini hesabu yake haikuwa ya kijinga. Alizima kibao, akatembea njia ndefu ya kurudi kwa dada yake, akilitafuta jibu na asilipate. Alichokuwa na hakika nacho ni kimoja tu, kwamba wale wanaoambiwa themanini na nne ndio wale wale watakaoacha chandarua stoo.

*

Alimkuta Niwaeli uani, jua linateremka, akigeuza tangawizi kwenye mkeka.

"Dada. Ulichomwa maji ya chumvi."

Niwaeli hakuinua kichwa. Aligeuza kipande, akageuza kingine.

"Umekuja kunipima mimi?"

"Nilikuja kuipima chanjo. Nimekukuta wewe humo ndani."

"Nilichoka, Nakijwa. Basi, hakuna kingine. Miaka ishirini na sita nashuka kwenye lile tope. Nikaona wenzangu wanashika mikono, nami nikashika wangu. Yonazi alikuja asubuhi ile. Akanipa pole. Akasema, usijali mama, kipande chako nakimalizia mimi. Unadhani nimelala tangu siku hiyo? Ndiyo maana mwaka huu nimejiandikisha wa kwanza kushuka. Nikasema chanjo ipo, nitachimba vipande vitatu kama wataniruhusu."

"Chanjo ni theluthi tu, dada. Ukishuka uso wazi ni sawa na kucheza bahati nasibu."

Nakijwa alimweleza yote, hesabu na mashahidi kumi na vyandarua vya stoo. Niwaeli alisikiliza. Kwa upande wa pili wa ukuta Nambike alikohoa, nao wakashusha sauti wote wawili.

"Sitalitaja jina lako," Nakijwa alisema. "La mtu yeyote sitalitaja. Lakini kesho nitauliza mbele ya watu. Nimeona nikuambie leo, usije ukashtuka."

"Na wasiponyoosha mkono?"

"Nitakataa kutia sahihi, watamleta Msaili mwingine, atatia yeye, na Jumamosi mtashuka."

Niwaeli aliingia ndani. Jioni hiyo hakumpakulia mdogo wake chakula, na kwa Niwaeli hilo halijawahi kutokea tangu mama yao azikwe.

*

Ijumaa asubuhi Mbonea alipiga pembe ya kugawana vipande. Walijaa uwanja mzima, na majembe yao, na vicheko. Mbonea alimpa Nakijwa nafasi kwa shingo upande, akasimama nyuma yake amekumbatia daftari.

Nakijwa hakuwapa maneno ya kitaalamu. Aliwaambia wenye mikono iliyouma wakae kulia na walioshuka wakae kushoto. Wakakaa. Akauliza upande wa kulia, nani aliugua homa? Hakuna. Akauliza upande wa kushoto. Mikono ikapanda, na wengine wakawanyooshea vidole watu ambao hawakuwepo tena.

"Mmeona? Kilichowakinga hawa si sindano, ni kubaki mlimani. Sindano inasaidia. Kati ya watatu ambao wangeugua, inamwokoa mmoja. Ichomeni, lakini wawili waliobaki wanaokolewa na chandarua na moshi. Mnaambiwa ni themanini na nne. Si kweli."

Minong'ono ilianza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Utajuaje? Labda wale wa kulia wote walichanjwa!"

"Swali zuri," Nakijwa alisema. "Ishirini kati yao hawakuchanjwa. Walichomwa maji ya chumvi, ambayo hayaumi. Walibaki juu, na wakapona. Nawajua, na sitawataja. Sheria inataka kumi wao waseme wenyewe, leo kabla ya saa sita. Wasiposema, kesho mnashuka nyuso wazi."

Watu walitazamana, jirani kwa jirani, na ungeweza kuona kila mmoja akikumbuka ni kipande cha nani alichokichimba mwaka jana. Nakijwa alimwona Nambike mbele kabisa, amekaa chini, kikapu mapajani. Hakuthubutu kumtafuta dada yake kwa macho.

Dakika zilikwenda. Mbonea alianza kusema, "Binti Mshana, hapa hakuna mtu wa..."

Kisha kule nyuma upande wa kulia mkono ulipanda. Ulikuwa wa kushoto.

"Mimi," Niwaeli alisema. "Haukuniuma hata kidogo."

Mzee mmoja akainua mkono bila kutazama mtu. Akafuata mwalimu wa shule. Halafu bibi harusi wa mwaka jana, analia, na mumewe pembeni amekodoa macho. Nakijwa alihesabu mpaka kumi, na mikono ilikuwa bado inapanda. Akabonyeza kidole gumba kwenye kibao. Kule ofisini kwa Daktari tarakimu za kijani zilizimika, na thelathini na tatu ikawaka mahali pake. Mtu akatumwa mbio kwenda kusimamisha gari la vyandarua.

Lakini Nambike alikuwa amesimama. Watu walimpisha njia mpaka akafika alipo Niwaeli, wakatazamana karibu kiasi cha kugusana. Nakijwa aliacha kila kitu akawakimbilia, akidhani anakwenda kuamua ugomvi.

Nambike alitoa kitu kwenye kikapu. Kilikuwa chandarua cha uso, kimeshonwa kwa mkono, na kitambaa kilikuwa cha ile neti ya bluu iliyoning'inia juu ya kitanda chake na Yonazi.

"Nilijishonea mwenyewe," alisema. "Sindano yao sikuiamini tangu mwanzo. Mimi nitachukua cha stoo." Alikisogeza mbele. "Vaa hiki. Kesho kipande cha Yonazi ni chako, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata."

Niwaeli alipiga goti, akakipokea kwa mikono yote miwili.